Inama Uchague

Kila baada ya miezi michache mtu huandika makala kuhusu harufu ya vitabu vya zamani. Nimezisoma za kutosha, na moja, wacha niungame, niliiandika mwenyewe nikalipwa Sh2,500. Mtindo wake unajulikana. Mwandishi anaingia dukani mvua ikinyesha. Kuna paka. Kuna mzee mwenye miwani ambaye haongei sana. Mwandishi anatoa kitabu kwenye rafu, anakifungua, ananusa. Ukurasa wa kwanza una maneno ya mkono, kwa mpenzi wangu, na mwaka wa zamani. Mwandishi anaguswa, analipa, anatoka, na mvua imekatika.

Mimi sijawahi kumwona huyo paka Nairobi. Nairobi ina gunia. Gunia la nailoni limetandazwa kandokando ya Tom Mboya au ndani ya kichochoro kinachokatiza kwenda Moi Avenue, vitabu vimepangwa migongo juu, na wewe umeinama, begi umelihamisha kutoka mgongoni hadi kifuani kwa sababu si kila mtu aliyeinama kando yako anatafuta kitabu. Ndiyo maana watu wakayaita maduka ya inama. Harufu iliyopo ni ya dizeli na ya mtaro. Kitabu chenyewe ukikinusa utapiga chafya, maana kimelala bohari tangu Januari.

Sisemi hivi kwa dharau. Napapenda mahali hapa kuliko mahali pengine popote katika mji huu, na kinachoniudhi ni kwamba sifa tunazopapa ni za kuazima. Helene Hanff alichapisha 84, Charing Cross Road mwaka wa 1970, barua za miaka ishirini kati yake, mwandishi asiye na pesa New York, na duka moja la vitabu kuukuu London. Ni kitabu kizuri, nimekisoma mara mbili. Lakini kimeharibu macho ya watu wengi. Tangu hapo duka la vitabu vilivyotumika ni lazima liwe mahali pa upole, na muuzaji awe mtu anayejali roho yako. Muuzaji wa Tom Mboya anajali kama utalipa kabla kanjo hawajatokea kwenye kona.

Nilivyofika huko haikuwa kwa mapenzi ya vitabu. Mwaka wa tatu wa chuo karo ilinishinda. Hadithi yenyewe ni fupi: mkopo ulitoka nusu, biashara ya mama ikaanguka, mitihani ikafanywa bila mimi. Sehemu ndefu ni kwamba sikumwambia mama. Kwa miezi minne nilitoka Kayole asubuhi na begi mgongoni, nikapanda matatu kama mwanafunzi, na nikishuka tao sina pa kwenda. Siku za kwanza nilikaa McMillan pale Banda Street, maktaba iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu, hadi baraza la jiji lilipoichukua mwaka wa 1962. Ni pazuri. Lakini maktaba ina kimya, na ukiwa na siri, kimya ni kama mtu anakuuliza swali. Kwa inama hakuna kimya. Ukiwa na begi na umeinama, wewe ni mteja tu, hata ukikaa hapo saa tatu.

Mwenye gunia nililozoea alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mathe, nami nikamwita hivyo. Nilianza kwa kumuuzia. Vitabu vinne vya uchumi, vipya vilikuwa vimenigharimu zaidi ya Sh6,000. Alivipima mkononi kama mtu anayepima viazi, akaangalia mwaka wa toleo.

“Hivi vya chuo vinalala, Prof. Nitakupa mia tano, zote.”

“Mathe, hata moja tu ilikuwa thao mbili.”

“Ilikuwa.”

Nikachukua mia tano. Jina la Prof likabaki, na hakuwahi kujua lilivyonichoma.

Baada ya wiki kadhaa alianza kuniachia gunia akienda kula. Hapo ndipo nilipopata elimu ambayo watu wa harufu hawana. Kwanza, kuna vitabu vya juu na kuna rundo. Vya juu vinasimama peke yao na vina bei ya kuulizwa. Rundo ni soo kila kimoja, jioni linashuka hadi finje. Pili, Mathe hakuwa msomaji wa riwaya, ila alikuwa mhakiki mkali kuliko yeyote aliyenifundisha darasani. John Grisham kwake ni mkate, anatoka kila siku. Danielle Steel anatoka Ijumaa. Sidney Sheldon halali kamwe. Mashairi ya mtu yeyote yanalala, hata awe amepata tuzo gani. Kitabu chenye picha ya mwandishi akitabasamu jaladani kinalala, isipokuwa mwandishi ni mhubiri. Nilicheka nilipoyasikia haya, kisha nikahesabu kwa wiki mbili nikakuta hajakosea.

Vitabu vyenyewe hutoka pande zote. Vingine huja na mitumba kutoka ng'ambo: unafungua riwaya ya upelelezi unakuta muhuri wa maktaba ya mji mdogo Uingereza, na juu yake muhuri mwingine wa kuonyesha kimeondolewa kwenye orodha. Vingine ni vya wageni waliomaliza kandarasi zao na hawataki kulipia mizigo. Vingine ni vya marehemu. Mathe alisema hivyo siku moja bila huzuni yoyote: mzee akifa watoto wanataka nyumba, hawataki vitabu. Mara nyingi nilimtambua marehemu kwa mrundo uliokuja pamoja, labda vitabu vya sheria vya miaka ya 1970, Biblia ya Kikamba, miongozo ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na katikati, bila aibu, After 4:30 ya David Maillu. Unamwona mtu mzima hapo. Kesho yake mrundo umetawanyika, Biblia imeenda Machakos, Maillu ameenda na kijana wa suti aliyemficha ndani ya gazeti.

Ng'ambo ya barabara kuna Nyumba ya Hifadhi za Taifa, na humo ndani kuna vitabu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache mwaka wa 1966 kisha akajiuzulu akaendelea kukusanya vitabu na sanaa. Maelfu yake ni vya kabla ya mwaka wa 1900. Murumbi alikuwa na bahati: mkusanyo wake uliuziwa serikali ukabaki pamoja. Nilikuwa nikikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiangalia lile jengo na kufikiria wazee wengine wote waliokusanya, ambao mkusanyo wao huishia kwetu, soo kila kimoja.

Msimu wa kweli si Krismasi, ni Januari. Mzazi anakuja na orodha ya shule, jasho linamtoka, anataka kitabu cha Kiswahili cha kidato cha pili kilichotumika lakini kisiwe kimechorwa sana. Biashara hii imekonda. Tangu mwaka wa 2018 serikali inapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja hadi shule za umma. Kisha mtaala ukabadilika. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, na darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Kwa hiyo mabohari ya vichochoro yamejaa vitabu ambavyo havina mwanafunzi. Vinauzwa kwa kilo. Niliwahi kununua njugu za mbao hapo Ronald Ngala zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa historia, sehemu ya kuja kwa Wareno. Nilisoma upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umelowa mafuta.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nitake kuandika. Ukitaka kujua Mkenya anasomaje Kiswahili, usiende kwenye kongamano. Inama. Utaona kwamba riwaya za Kiingereza kwenye gunia zimechoka kwa njia ya kawaida: mgongo umevunjika, kuna doa la chai, kuna tiketi ya basi iliyotumiwa kama alama. Mtu alizisoma kitandani. Riwaya za Kiswahili zimechoka kwa njia nyingine. Zimepigiwa mistari kwa rula. Pambizoni kumeandikwa jazanda, kinaya, sadfa, mbinu rejeshi. Karibu zote zilikuwa vitabu teule vya mtihani, na karibu zote ziliuzwa mtihani ulipokwisha, Desemba, na mtu aliyeapa kutozigusa tena. Unaweza kupanga Kidagaa Kimemwozea tano kwenye mstari mmoja ukadhani ni mtu mmoja aliyezichora zote.

Nina nakala ya Siku Njema ya Ken Walibora niliyoinunua Sh80. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1996, na nilipoisoma kidato cha kwanza, nje ya orodha, ilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili kilichoninyima usingizi. Kongowea Mswahili anampoteza mama yake akiwa mtoto. Katika nakala yangu, kando ya sehemu hiyo ya kifo, mwanafunzi ameandika kwa bairo jekundu: sababu za kutaabika kwa Kongowea, alama 4. Amezihesabu, moja hadi nne. Nilikasirika nilipoona. Nilitaka kumtafuta huyo mtoto, ambaye sasa huenda ni mzee kuniliko. Kisha kwenye ukurasa mwingine mbele kabisa, ambako hakuna alama zozote za kutafutwa, nikakuta mwandiko uleule, lakini kwa penseli na mdogo sana: kwa nini asiandike tu barua? Swali hilo si la mtihani. Kwa mstari mmoja mtoto alisahau mwalimu, akabaki na Kongowea.

Niliwahi kununua nyingine kumi na moja zilizochorwa ili nitafute mistari ya aina hiyo. Nilipata minne tu. Mmoja umeandikwa “huyu ni baba yangu kabisa”, na umefutwa, ila penseli haifutiki ikakwisha.

Huo ndio uhakiki wangu wa inama, ukiutaka kwa ufupi. Gunia linaonyesha kwamba tumeifanya fasihi ya Kiswahili kuwa mzigo wa miaka minne, wa kubebwa na kutuliwa. Muuzaji hana hatia, yeye anapanga kile tulichotupa. Usipoona Kezilahabi kwenye gunia si kwamba hatakikani, ni kwamba hakuna aliyemnunua akiwa mpya, hivyo hakuna wa kumtupa. Kitabu cha mtumba ni lazima kwanza kiwe kimependwa dukani, au kimelazimishwa. Watu wa harufu wanasema hapa ndipo vitabu vilivyosahauliwa hupata maisha ya pili. Vingine havijapata ya kwanza.

Ndiyo maana siku nilipokuta Walenisi ya Katama Mkangi nilijifanya sijaiona. Huo ni ujanja wa kwanza wa mteja wa inama: ukitaka kitabu, shika kingine. Walenisi ilitoka mwaka wa 1995. Dzombo amehukumiwa kifo, anafungiwa kwenye chombo cha kurushwa angani, na badala ya kufa anajikuta katika nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, ni wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Pwani, aliwekwa kizuizini enzi za Moi, na bado alitoka akaandika kuhusu nchi ambayo mambo yamenyooka. Nilikuwa nimeitafuta miaka miwili. Maduka ya vitabu vipya yalinijibu haipo, moja likaniuliza ni kitabu cha dini?

Mathe aliniuzia Sh150. Nilipofika nyumbani niliona muhuri: mali ya maktaba ya shule fulani ya bweni, pamoja na karatasi ya tarehe za kurudisha. Tarehe ya mwisho ilikuwa Julai, miaka tisa kabla. Kitabu hiki hakikuuzwa na aliyekinunua. Mtoto alikiiba, au mwalimu alikiondoa kwa katoni, au shule yenyewe ilisafisha rafu. Nina nakala ambayo kuna shule haina. Kuna wakati niliandika anwani kwenye bahasha. Bahasha bado iko, kitabu bado kiko, na nikiwa mkweli nimekisoma mara tatu tangu hapo, na karatasi ya tarehe inaonyesha kwamba kule shuleni kiliazimwa mara mbili katika miaka kumi. Sijui kama hiyo ni hoja au ni kisingizio.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Kwenye gunia lolote la tao leo, kati ya vitabu vilivyotumika, kuna vitabu vinavyong'aa ambavyo havijawahi kutumika. Rich Dad Poor Dad. The 48 Laws of Power. Jalada lina rangi iliyopauka kidogo, maandishi yameinama upande mmoja, karatasi ni nyeupe kupita kiasi, gundi inanuka. Hiyo ndiyo harufu halisi ya inama ya sasa, kama kuna anayetaka kuiandikia makala. Ni nakala za wizi, na ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Wateja wengi hawakuja kuinama, walisimama wima wakauliza, “Uko na Robert Greene?” na wakaondoka.

Wizi wa vitabu vya Wamarekani haukuninyima usingizi, niseme ukweli. Lakini siku moja, Mathe akiwa amekwenda kula, msichana alinunua riwaya ya Mkenya ambaye yuko hai na ambaye tumewahi kukaa meza moja kwenye hafla. Nilijua ni feki kabla hajaishika. Nilimwambia Sh400, akalipa, Mathe aliporudi akanipa finje yangu. Nilinunua chapati na maharagwe. Mwandishi yule hakupata hata senti, na mimi nilikuwa nimeanza kujiita mwandishi.

Utetezi wote naujua kwa sababu nimeutumia. Kitabu kipya ni ghali, na tangu mwaka wa 2013 kinatozwa VAT ya asilimia 16 kama sufuria. Kijana hana Sh1,200. Ni kweli. Tena hata mtumba halisi haumlipi mwandishi chochote mara ya pili. Lakini mtumba una mtu aliyelipa mara ya kwanza, na ndani yake kuna muhuri, kuna bairo jekundu, kuna baba aliyefutwa kwa penseli. Nakala ya wizi haina mtu yeyote ndani. Ninaposoma makala inayozisifu inama zote kwa pamoja, kana kwamba gunia ni kitu kimoja, najua mwandishi hakuinama vya kutosha kuona tofauti, au aliiona akaogopa kuharibu hadithi ya paka.

Paris kuna wauzaji wa vitabu kuukuu kandokando ya mto Seine, masanduku yao ya kijani yamepigiliwa ukutani. Mwaka wa 2023 polisi walitaka mengi yaondolewe kwa ajili ya sherehe ya kufungua Olimpiki. Kelele zilipigwa nchi nzima hadi rais akaingilia, Februari 2024, masanduku yakaachwa. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa nimesimama karibu na kituo cha zimamoto, siku ambayo upande wetu wote wa barabara ulikuwa mtupu kwa sababu kanjo walipita alfajiri. Sikuona makala hata moja. Wenye kupenda haiba ya vitabu vya zamani walikuwa kimya, labda walidhani wauzaji wamekwenda kula.

Mama alikuja kujua kuhusu chuo kwa njia nyingine, hiyo si ya leo. Nilipata kazi za kuandika, kidogo kidogo, na sikai tena kwenye ndoo. Ila kila wiki mimi hupita.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimeinamia rundo, nina Going Down River Road ya Meja Mwangi mkononi, toleo la zamani, na tumeshakubaliana Sh150, natafuta simu nitume pesa, mtu akapiga mluzi kutoka upande wa Accra Road. Sijui kama umewahi kuona gunia likikunjwa. Pembe nne zinakutana juu, fundo moja, na duka zima liko begani kwa mama wa miaka hamsini anayekimbia kuliko wewe. Kabla sijanyooka mgongo palikuwa na lami tu, na mimi na Meja Mwangi. Askari mmoja alinitazama, akatazama kitabu, akapita.

Nilirudi Ijumaa na pesa taslimu. Alikuwa amehamia kichochoro cha pili, gunia lilelile.

“Mathe, nina deni lako. Mia na hamsini.”

“Mia mbili, Prof.”

“Si tulielewana mia na hamsini?”

“Umekaa nacho siku tatu,” akasema, huku akimpa mteja mwingine chenji. “Umekisoma?”

“Nimekimaliza.”

“Basi hamsini ni ya kukodi. Ama ukirudishe, nikupe mia.”